Sanduku kwanza, ganuni baadaye

Vikundi vingi vya muziki vya watoto hapa Unguja hufa kifo cha aina moja. Siku ya kwanza wanaandikishwa watoto 25. Fidla ziko nne, ganuni moja (kile chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kikiwa kimelala), udi mmoja wenye ufa. Mwalimu anamshika mmoja kwa dakika kumi, kisha mwingine, na waliobaki wamekaa ukutani wakingoja zamu. Baada ya mwezi wamebaki wachache, na watu wazima wanaanza kusema watoto wa siku hizi hawana subira, wanataka simu tu. Mimi sikubali. Mtoto aliyetoka skuli, akapita chuo cha Kurani, kisha akaja kukaa ukutani saa nzima ili aguse fidla dakika kumi, subira anayo tele. Kilichokosekana ni kazi ya kumpa.

Dawa yake ni kikundi kizima kupiga pamoja tangu siku ya kwanza, hata kama wapo ambao kazi yao ni pigo moja tu. Venezuela walilifahamu hili zamani: mpango wa El Sistema aliouanzisha José Antonio Abreu mwaka 1975 ulijengwa juu ya kumtia mtoto ndani ya okestra mapema, siyo kumfungia chumbani peke yake mpaka aive. Lakini sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Tuna kidumbaki, muziki wa harusi za mtaani. Wazee waliita pia kitaarab, taarab ndogo, na wapigaji wengi waliokuja kukaa kwenye viti vya vilabu vikubwa vya taarab walijifunzia huko. Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa 1905 na Culture Musical Club ya 1958 hazikuokota wapigaji barabarani. Mara nyingi mtu alikuwa ameshachezesha harusi za mtaani kwa sanduku (besi ya uzi mmoja) na cherewa kabla hajaruhusiwa kugusa fidla mbele ya watu waliovaa vizuri.

Kwa hiyo ukitaka kuanzisha kikundi cha watoto wa miaka 8 hadi 15, anza na watoto 16 na uwapange hivi: mmoja kwenye sanduku, wawili kwenye dumbaki (ngoma ndogo za mkono), wawili kwenye cherewa, wawili kwenye mkwasa, watatu kwenye fidla, na sita waimbaji. Hesabu hii nimeipenda kwa sababu moja: ukiondoa fidla, hakuna chombo kati ya hivyo ambacho mtaa hauwezi kukitengeneza wenyewe. Cherewa ni vifuu vya nazi na mbegu ngumu ndani. Mkwasa ni vijiti viwili vifupi vya mti mgumu, unene wa kidole gumba, urefu wa sm 20 hivi. Ukivichonga kwa mti mwepesi vinatoa sauti ya ubao uliooza na mtoto anapiga kwa nguvu kupita kiasi ili asikike, mwisho anajigonga vidole.

Sanduku ndilo linalostahili jioni nzima ya kazi, kwa sababu ndilo besi ya kikundi, na besi ikiyumba wote wanayumba. Zamani lilikuwa kasha la majani ya chai. Siku hizi unaunda kwa plaiwudi ya mm 4 hadi 6: kimo sm 60, upana sm 50, kina sm 40, upande mmoja wazi. Unaligeuza ule upande wazi ukae chini. Katikati ya uso wa juu toboa tundu la mm 4. Kabla ya kupitisha uzi, gundisha kwa ndani kipande cha plaiwudi cha sm 10 kwa 10 chini ya tundu hilo, kisha weka washa ya chuma ya upana wa sm 3, ndipo ufunge fundo la uzi chini ya washa. Mafundi wenye haraka huruka hatua hii, na ndiyo maana masanduku mengi ya watoto hudumu wiki mbili: fundo linaula ubao kidogo kidogo mpaka linachomoka. Uzi wenyewe ni mshipi wa kuvulia wa mm 2. Kamba ya katani inavutika, na katikati ya wimbo sauti inashuka.

Fimbo ni mpini wa ufagio au fito iliyonyooka, urefu wa sm 120, iliyochongwa mtaro chini ili ikae kwenye ukingo wa sanduku isiteleze. Funga mshipi kwenye fimbo kiasi cha sm 100 kutoka chini. Mpigaji anaweka mguu juu ya sanduku, anaikamata fimbo kwa mkono mmoja na kukwanyua uzi kwa mwingine. Akiivuta fimbo nyuma uzi unakaza na sauti inapanda, akiilegeza inashuka. Sasa mambo mawili ambayo mtu hayaoni mpaka aharibikiwe. La kwanza, sanduku lililokaa bapa juu ya sakafu ya saruji halina mlio, pumzi yake haina pa kutokea. Liinue upande mmoja kwa kigogo cha sm 5. La pili, mtoto wa miaka minane ni mwepesi, akivuta fimbo sanduku linainuka naye. Mpe aliyefika miaka kumi na moja au kumi na mbili. Vidole vyake navyo vitatoka malengelenge wiki ya kwanza, basi mzungushie plasta na asizidishe dakika kumi kwa mkupuo.

Usimfundishe sanduku noti zote. Mpe mbili. Moja ni D, ile ya uzi wa pili wa fidla ukihesabu kutoka ule mnene. Nyingine ni A iliyo juu yake. Mwekee alama mbili za chaki ukutani nyuma ya fimbo, moja ya D na moja ya A, apige huku akiangalia ncha ya fimbo inafika wapi. Baada ya wiki tatu hivi ifute chaki. Sikio litakuwa limeshika.

Dumbaki za udongo zenye ngozi ya mbuzi zina uzuri wake na udhia wake. Ngozi inakunywa unyevu wa hewa, na jioni ya masika inalia kama godoro. Inapashwa moto wa karatasi au makuti kwa dakika mbili tatu, umbali wa mkono mzima, ngoma ikizungushwa bila kusimama. Bonyeza kwa dole gumba: ikirudi haraka, tosha. Anayeikaribisha motoni ili amalize upesi atasikia mlio mmoja mkavu, na hapo ngozi imepasuka pembeni, haizibiki. Kazi ya moto ni ya mtu mzima kila siku, hata kama mtoto anajua. Ukipata dumbaki za alumini zenye uso wa plastiki, zichukue bila aibu. Hazipashwi, hazivunjiki zikianguka, na mtoto anajifunza mapigo yale yale.

Mapigo yenyewe yafundishwe kwa mdomo kabla ya mkono. Dum ni katikati ya ngozi, tak ni ukingoni, na pale penye kimya mtoto aseme "shh" kwa sauti, asiache tu. Maksumu, mapigo yanayobeba nyimbo nyingi za taarab, ni haya: dum, tak, shh, tak, dum, shh, tak, shh. Nane sawasawa. Kikundi kizima kiyaseme mara ishirini huku wanapiga mapaja, waimbaji na wa fidla wakiwemo. Kosa ambalo utalikuta kila mwaka ni hili: watoto wanaikata ile "shh" ya mwisho, duara la nane linakuwa la saba, na mapigo yanaanza kukimbia kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Usiwaambie wapunguze mwendo, hawataelewa. Warudishe kuisema "shh" kwa nguvu kuliko dum. Mwendo unarudi wenyewe.

Saa ya mazoezi hapa kwetu huamuliwa na mambo matatu: skuli yenye mikondo, chuo, na sala. Nafasi inayobaki ni baada ya alasiri, tuseme saa 10:30 hadi saa 12:00, siku tatu kwa wiki. Adhana ikiita vyombo vinawekwa chini. Ramadhani mnapumzika, na mkirudi baada ya Idi msianze wimbo mpya. Tumieni wiki nzima kuufufua wa zamani. Katika dakika 90 hizo, kumi ni za kupanga na kutuni (kulinganisha sauti za vyombo), 15 za mapigo ya mdomo na mikono, 30 za makundi madogo (fidla pembeni na mwalimu wao, waimbaji barazani, ngoma mwisho wa uwanja), kisha 30 za kupiga wote pamoja, na tano za kurudisha vyombo. Zile 30 za pamoja usizipunguze hata ikiwa fidla bado zinakwaruza. Hasa zikiwa zinakwaruza. Mtoto wa fidla anayepiga uzi mtupu wa D juu ya sanduku na dumbaki tayari yumo ndani ya muziki, na atarudi kesho.

Fidla ina saizi, na hapa ndipo misaada kutoka nje huleta balaa: fidla nzima kumi kwa watoto wa miaka tisa. Mnyooshe mtoto mkono wa kushoto pembeni, pima kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja. Akifika sm 47 anatosha fidla ya robo, sm 51 ya nusu, sm 56 ya robo tatu, na kuanzia sm 58 au 59 ndiyo nzima. Ukimpa kubwa kuliko kimo chake, mkono unachoka, fidla inainama chini, upinde unateleza kuelekea ubao wa vidole, na unapata ule mlio wa mlango wa kutu ambao watu hudhani ni kukosa kipaji.

Walimu wengi hubandika utepe kwenye ubao wa vidole kumwonyesha mtoto pa kushika. Ni sawa, ila bandika miwili tu. Pima uzi kutoka kile kijiti cheusi karibu na kichwa hadi kwenye daraja. Gawa kwa tisa: hapo ni kidole cha kwanza. Gawa kwa nne: hapo ni kidole cha tatu. Kwa fidla yenye uzi wa sm 27, utepe wa kwanza unakaa sm 3 kutoka juu na wa pili sm 6.75. Kidole cha pili kiache bila utepe, kwa makusudi kabisa. Katika makamu (ngazi ya noti) iitwayo Rasti, ukiianzisha kwenye D, kidole cha pili hakikai kwenye noti ya furaha wala ya huzuni kama zile za kinanda. Kinakaa katikati, karibu na sm 5 kwenye fidla hiyo hiyo, na kinasogea unywele mmoja juu au chini kufuata mwimbaji. Utepe ukikiziba hapo, umemnyima mtoto roho ya taarab kwa kipande cha gundi. Mwimbishe kwanza. Akiweza kuimba D, E, ile ya katikati, G, bila chombo, kidole kitaitafuta chenyewe.

Kwa sababu hiyo hiyo sipendi kikundi cha watoto kiongozwe na kinanda cha umeme. Akordiani ni chombo cha heshima katika taarab yetu, lakini funguo zake na za kinanda haziwezi kusimama katikati ya noti mbili, na sikio changa linafuata chenye sauti kubwa. Kinanda kije mwaka wa pili, sikio likiwa limeshakomaa.

Uangalizi wa fidla, kwa haraka. Nywele za upinde haziguswi kwa vidole, mafuta ya mkono yanazifanya ziteleze. Upinde unalegezwa kila baada ya mazoezi. Ulimbo mkavu unapakwa mivuto minne mitano, siyo mpaka vumbi liruke. Ukibadilisha nyuzi badilisha mmoja mmoja. Ukizitoa zote nne daraja linaanguka, na kile kijiti kilichosimama ndani ya tumbo huanguka nalo, na kukirudisha ni kazi ya fundi mwenye chuma maalumu. Funguo za kukazia zikiteleza zipake chaki, zikikwama zipake sabuni kavu.

Maneno ya nyimbo yanataka uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Nyimbo za taarab za watu wazima zimejaa mafumbo ya mapenzi na vijembe, na mtoto wa miaka tisa akisimama kuyaimba mbele ya wazee, wengine watacheka, wengine watamwondoa binti yao kesho yake, na watakuwa na haki. Tungeni na watoto wenyewe. Kipimo ni mizani nane kwa nane, na wanaipenda kwa sababu inahesabika kwa makofi. Chukua mfano huu. Mtoto analeta: "Embe dodo limeiva, liko juu mtini." Piga makofi: e-mbe-do-do-li-me-i-va, nane. Li-ko-ju-u-m-ti-ni, saba. Muimbe hivyo hivyo, uone waimbaji wanavyojikwaa na dumbaki inavyobaki na pigo moja mkononi. Usimsahihishe wewe, waulize. Mmoja wao atasema "kwenye mti", muhesabu tena, li-ko-ju-u-kwe-nye-m-ti, nane, na wimbo unasimama wima. Dakika kumi hizo zimefundisha mizani, mapigo na Kiswahili kwa pamoja.

Wazazi wasisubiriwe waje, wafuatwe. Zipo nyumba ambazo muziki haupendwi, na huko haendi kijana mwenye fidla begani. Anakwenda mama mtu mzima anayeheshimika mtaani, anabisha hodi, anakaa, anaeleza saa za mazoezi, nani atakuwepo, nyimbo zinasema nini. Jibu likiwa hapana, ni hapana, na mtoto huyo asichekwe. Wakati wote wa mazoezi wawepo watu wazima wawili, mmoja wao mwanamke, mlango wazi, na hakuna mtoto anayebaki peke yake na mwalimu, awe nani. Kumrekebisha mkono mtoto kwenye fidla, onyesha kwenye fidla yako kwanza. Ukilazimika kumgusa, muombe ruhusa, kiwiko na kifundo tu. Hili siliweki kama pambo la maandishi. Kikundi kisichoweza kulisimamia kisifunguliwe.

Onyesho la kwanza liwe baada ya wiki sita hadi nane. Nyimbo tatu, dakika 12, mbele ya wazazi, mchana. Hapo mpigaji wa mkwasa atagundua kwamba bila yeye wimbo hauanzi. Kipaza sauti kimoja, cha waimbaji pekee. Ukiviwekea vyombo umeme, watoto wanaacha kusikilizana na kila mmoja anapiga kumshinda mwenzake. Harusi zitaanza kuwaita, na ni vizuri, kidumbaki ni ngoma ya harusi. Lakini saa 3 usiku watoto wawe njiani kurudi makwao, na pesa yoyote iliyopatikana iandikwe kwenye daftari ambalo mzazi yeyote anaweza kulifungua: kiasi gani, nyuzi kiasi gani, nauli kiasi gani, mgao wa kila mtoto. Nimeona vikundi vyenye wapigaji wazuri vikivunjika kwa bahasha moja isiyoelezwa.

Fedha za kuendeshea ni tatizo hata kwa wakubwa. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza 2002 Mji Mkongwe na kufundisha ganuni, udi, fidla na ngoma kwa vizazi vya vijana wetu, mwaka 2019 kilitangaza hadharani kuwa kinaweza kufungwa kwa kukosa pesa. Ndiyo maana nasisitiza vyombo vya kujitengenezea. Mfadhili akiondoka na fidla zake, sanduku, dumbaki na waimbaji wanabaki, na Jumatatu mazoezi yapo.

Ganuni na udi vije mwaka wa pili, kwa watoto wawili au watatu ambao wameonyesha kwamba wanatuni bila kusukumwa. Ganuni ina nyuzi sabini na zaidi, tatu tatu kwa kila noti, na miguu ya daraja lake imekaa juu ya ngozi nyembamba, mara nyingi ya samaki. Masika ngozi hiyo inalegea, daraja linazama kidogo, na nyuzi zote zinashuka sauti kwa pamoja. Mtoto asiyejua ataanza kuzikaza moja moja mpaka zote zimekaa sawa. Kesho jua linatoka, ngozi inakauka na kujivuta, na nyuzi zinakatika au ngozi inachanika. Kuanzia Machi hadi Mei basi, ganuni isiwekwe sakafuni wala kwenye ukuta wa mawe unaotoa chumvi. Iwekwe mezani, ndani ya mfuko wake, imezungushiwa kanga kavu mbili, na kabla ya kushika ufunguo wa kutuni iachwe nje ya mfuko nusu saa izoee hewa ya chumba. Tuni kwanza noti za katikati, kisha za juu, kisha za chini, halafu rudi katikati, kwa sababu zitakuwa zimeshasogea.